Luvanel Hayumo Katika Kalenda

Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025. Mvua ilinyesha tangu alfajiri ikakoma saa kumi na mbili, na ukungu ulitanda juu ya uwanja wa zamani wa ndege wa Simi-Simi hata mtu aliyevuka kwa baiskeli alionekana kichwa kwanza, magurudumu baadaye. Mama Florentine alimshukuru Mungu kwa mvua, akamshukuru tena kwa kuisimamisha kwa wakati, akawasha makaa na kuanza kukaanga mikate, yale maandazi madogo ya mviringo ambayo mtaa mzima huyanywea uji.

Siku hiyo alikaanga na ya ziada. Saa nne shirika, yaani jumuiya ya Wakristo wa mtaa wao, lingekutana uani kwake kuandika majina ya watoto watakaobatizwa Jumapili ya wiki inayofuata. Mjukuu wake, binti wa mwanawe Yannick na mkewe Falonne, mwenye majuma matano, alikuwa katika orodha. Mama Florentine alikuwa amefagia ua mara mbili, ameazima viti vinne vya plastiki, na ameondoa kamba ya nguo ili wageni wasiinamie nepi.

Juu ya meza ndogo barazani vilikaa vitabu vyake vitatu, vyote vimejaladiwa kwa kitenge kimoja cha bluu: Biblia, kitabu cha misa, na kile kinene.

Kile kinene alikipata shule. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja na huu ulikuwa mwaka wake wa pili wa masomo ya jioni kule Makiso, katikati ya mji. Mwalimu Jérémie, kijana wa chuo kikuu mwenye miwani iliyofungwa uzi, alileta sanduku la vitabu akamwambia kila mwanafunzi achague kimoja, akisome nyumbani kwa sauti, kila siku kurasa mbili. Wenzake walichagua vyembamba. Mama Florentine aliinua kile kilicholala chini kabisa.

"Mama, hiyo ni riwaya ya kubuni," mwalimu alimwambia. "Iko na miungu na falme ambazo haziko nafasi yoyote. Na iko mu Kifaransa."

"Iko na kurasa ngapi?"

"Mia sita na kumi na mbili."

"Basi ni hii. Nimechelewa shule miaka arobaini, siwezi kurudia nyumbani na kitabu cha kurasa ishirini."

Kitabu kilisimulia nchi ambayo hakuna njia ya kuifikia. Huko, kabla ya ardhi kuwa ardhi, kulikuwa na mito saba iliyotiririka hewani, na kila mto ulikuwa na mungu wake aliyeulinda kwa wivu. Watu waliishi chini, vumbini, wakilamba umande kwenye mawe. Ndipo Luvanel, mungu mdogo kuliko wote, alipoukunja mto wake kama mkeka, akautwika kichwani, akashuka nao ngazi elfu moja. Wenzake wakamfunga katika gereza la chumvi. Kulikuwa na ndege waliokula majina ya watu, na mfalme aliyezeeka kila alipodanganya akarudia ujana kila alipokiri. Mama Florentine alipomfikia mfalme huyo aliweka kitabu magotini akacheka peke yake, hadi jirani akaja kuuliza kama kuna habari njema.

Mwanzoni aliogopa. Neno *miungu* lilipomtokea katika ukurasa wa kwanza alikifunga kitabu siku mbili, akasali. Alipokifungua tena aliona jambo ambalo macho yake ya zamani yasingeliona: mwandishi alikuwa ameandika mungu kwa herufi ndogo. Mwalimu alikuwa amewafundisha kwamba Mungu wa kweli huandikwa kwa herufi kubwa, siku zote, hata katikati ya sentensi. Basi huyu mwandishi anajua mipaka yake, Mama Florentine akasema moyoni, na moyo ukatulia.

Kila alasiri, sufuria zikishaoshwa, alikaa barazani. Hakuwahi kufungua kitabu chochote bila kufanya ishara ya msalaba, na hicho pia alikifanyia. Alisoma sentensi ya Kifaransa chini kwa chini, akiifuata kwa kidole, kisha akaitoa kwa Kiswahili kwa sauti kubwa. Na kwa kuwa maishani mwake hakuwa amewahi kusikia mtu akisoma kwa sauti isipokuwa kanisani, alisoma vile. Alianza: "Somo kutoka kitabu cha Mito ya Juu, sura ya tisa." Alinyoosha maneno, akanyamaza penye kituo, na mwishoni sauti ikashuka yenyewe kama ya msomaji anayeondoka mimbarani. Waliokuwa wakichambua maharagwe au kusukana nywele wakaitikia bila kuinua macho: "Tumshukuru Mungu."

Walioitikia kila siku walikuwa wawili. Mmoja ni Mama Adeline, jirani, mke wa mkuu wa shirika. Wa pili ni Falonne, mkazamwana, ambaye miezi miwili ya mwisho ya mimba daktari alimkataza kusimama. Yeye alisikiliza akiwa amelala ndani, nyuma ya pazia.

* * *

Papa Paluku, mkuu wa shirika, alikuwa mfanyabiashara wa chumvi na biskuti kutoka Butembo. Alikuja na daftari lenye mistari, kalamu mbili za bic, rula, na kalenda ndogo ya watakatifu mfukoni. Aliomba sala ya kufungua, akaweka daftari magotini. Watu wanane walikuwa wameketi. Mama Florentine alisimama na sinia la mikate.

"Mutoto wa Yannick na Falonne," Papa Paluku akasema. "Jina ya ubatizo?"

"Luvanel," Falonne akajibu, mtoto akinyonya.

Mama Florentine alitabasamu. Jina hilo alilisikia kwa mara ya kwanza pale maternité, wodi ya wazazi, na alijivuna. Alidhani msichana ameipenda hadithi. Alikuwa akingoja Falonne aongeze jina la mtakatifu, kama watu wote wanavyofanya.

"Bon. Luvanel." Papa Paluku aliandika, akatoa kalenda. "Ni mutakatifu wa tarehe gani?" Kidole chake kikashuka. "Luc, Lucie, Ludovic. Luvanel hayumo."

"Papa, hamuwezi kumupata mu kalenda," Falonne akasema kwa upole, kama mtu anayemsaidia mzee kutafuta kofia iliyo kichwani mwake. "Iko wa mu Biblia. Wa Agano la Kale, nazania. Ule mwanamuke alikunja mto sawa mukeka, akabeba ku kichwa, akashuka nayo kwa watu walikuwa wanakufa na kiu. Kisha wakamufunga mu gereza ya chumvi. Mama anatusomeaka kila siku."

Mama Adeline alikuwa anaangalia vidole vya miguu yake. Mama Florentine alihisi sinia linakuwa zito, akalishusha juu ya kiti kitupu. Mambo yote aliyaona kwa mara moja: kitenge cha bluu, ishara ya msalaba, *somo kutoka kitabu cha*, na msichana aliyeacha shule mwaka wa tatu, aliyebatizwa Pasaka iliyopita tu, ambaye katekesi yote aliipokea kwa masikio.

Angeweza kusema kwamba watazungumza baadaye. Maneno hayo yalifika hadi kwenye meno. Badala yake alisema:

"Papa Paluku, haiko mu Biblia. Ni kitabu cha shule. Mutu alikaa tu, akakitunga kutoka ku kichwa yake."

Falonne aligeuka akamtazama.

"Alors, huyu Luvanel," Papa Paluku akauliza, bic ikiwa hewani, "mu ile kitabu iko nani? Mutu? Malaika?"

"Mungu," Mama Florentine akasema. "Wa herufi ndogo."

"Mama," Tonton Ruphin akaingilia. Huyu alikuwa mwendesha toleka, baiskeli ya abiria, na hakuwahi kuacha neno lipite bila kulipandisha nyuma. "Herufi ndogo haisikikake. Miye niko na masikio mawili na sijaisikia."

Watu wakacheka, si sana, lakini walicheka. Ruphin akaendelea: "Donc ile siku nilipita hapa nikaitikia Tumshukuru Mungu, niliitikia nani?"

"Na wewe unyamaze kidogo," Mama Adeline akamwambia. "Miye nilijua ni ya kutunga tangu sura ya tatu. Lakini nilitaka kujua kama ule dada atatoka mu gereza."

"Ulijua?" mumewe akamwuliza. "Na ulikuwa unaitikia?"

"Ni mazoea, papa. Sauti ikishuka, mudomo unaitikia yenyewe."

Papa Paluku aliweka rula juu ya daftari, akachora mstari ulionyooka kabisa katikati ya jina la mtoto. Hakufanya kwa ubaya; alikuwa mtu wa daftari safi. Lakini sauti ya bic kwenye rula ilisikika ua mzima. "Nitauliza padri," akasema. "Siku ya tano, Ijumaa, tutarudia hapa. Mutafute jina ingine."

Falonne alisimama na mtoto, akaingia ndani. Pazia likashuka nyuma yake.

* * *

Mama Florentine alimfuata. Falonne alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amegeukia ukuta.

"Binti yangu, sikujua kama ulikuwa unazania vile."

"Ungejua namna gani? Haukuniulizaka." Alikuwa haangalii. "Mama, unakumbuka damu?"

Alikumbuka. Usiku wa uzazi damu ilikataa kukatika, na yeye aliachwa nje ya mlango na rozari, akisikia hatua za watu wanaokimbia.

"Infirmière, ule muuguzi, alikuwa anabadilisha vitambaa, na miye niliona uso yake. Nikajua ninaenda. Sikuita Yesu. Sikuita Maria. Niliita Luvanel. Nilisema: weye uliyeshikaka mto, shika na hii. Niliita mpaka sauti ikaisha. Na damu ikakatika." Sasa aligeuka. "Ndiyo maana mutoto iko na ile jina. Haikuwa juu ni jina ya muzuri. Nilimuahidi. Sasa unaniambia hayuko. Basi niliongea na nani? Juu kama hayuko, labda ni shetani njo alinisikia, na mutoto wangu iko na jina yake."

Mama Florentine, ambaye huwaombea wagonjwa wa mtaa mzima na hakosi maneno, alipata mawili. Alisema tu, "Ngoja nisali."

"Sali, mama. Lakini usinisomee tena kitu."

Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba Jumamosi ijayo angeenda kwa mama yake Bengamisa pamoja na mtoto, na abatizwe huko, mbele ya watu wanaojua wanachokisema.

Adhuhuri Yannick alirudi na pikipiki yake, akasikiliza habari yote akiwa bado amevaa kofia ya chuma. "Mama, acte de naissance, ile karatasi ya kuzaliwa, iko na muhuri," akasema. "Luvanel, L kubwa, niliandika miye mwenyewe. Nitarudia kule niwaambie nini? Nilikosea mungu?" Alipoona uso wa mama yake aliivua ile kofia. "Uongee naye, mama. Bengamisa si mbali, mais akienda na hasira, itakuwa mbali."

Jioni hiyo Mama Florentine alipiga magoti mahali pake pa kila siku, kati ya kitanda na kabati. Alitubu kiburi. Alijua sasa kwamba hakusoma ili wengine waelewe. Alisoma ili wasikie kwamba anasoma. Hilo lilikuwa rahisi kuliungama. Swali la Falonne halikuwa rahisi. Kila alipolianza lilimrudia: aliongea na nani? Aliomba jibu, akamaliza rozari nzima, na jibu halikuja. Akalala. Hakuhangaika sana, kwa uzoefu wake Mungu hujibu, ila hapendi kuharakishwa.

* * *

Jumatatu jioni alifika darasani kabla ya wenzake. Mwalimu Jérémie alikuwa anafuta ubao kwa soksi.

"Mwalimu, kitabu ambacho si cha kweli kinasomwaka namna gani?"

"Namna gani, namna gani?"

Alimweleza yote, hata damu, hata rula. Kijana alisikiliza, na habari ilipofika kwenye *somo kutoka kitabu cha Mito ya Juu* aliuma mdomo asicheke. Kisha akaona kwamba mwanafunzi wake hachekeshwi, akavuta dawati akaketi karibu naye. Alifungua kitabu pale ambapo Luvanel anajibishana na mlinzi wa gereza la chumvi.

Hakunyoosha maneno. Mlinzi akapewa sauti ya polisi wa barabarani aliyeshiba. Luvanel akapewa sauti ya msichana anayejua bei na hataki kudanganywa. Penye kituo hakunyamaza, alikimbia. Penye mkato alisimama, akamtazama kama anayesema, subiri, unafikiri nini kitatokea? Mlinzi alipogundua kwamba chumvi ya mlango imeyeyuka kwa jasho lake mwenyewe, Mama Florentine alipiga dawati kwa kiganja.

"Kumbe alimuchokoza makusudi," akasema. "Ili atoke jasho. Nilisoma hapo mara mbili, sikuona."

"Mama, hapa mutu anasimulia jirani habari ya soko. Hakuna amri, hakuna sala. Na yule anayesikiliza anajua kwamba tunacheza, ndiyo maana anaweza kuogopa bila kuumia."

"Basi kuna sauti mbili."

"Ziko nyingi. Lakini anza na mbili."

Mama Florentine alipokuwa akirudi, nyuma ya toleka, kitabu kikiwa kifuani, alifanya mazoezi ya sauti ya mlinzi. "Unaenda wapi na huo mto?" akanguruma. "Mto gani, mama?" dereva akajibu bila kugeuka. "Tunaenda Simi-Simi, si ndiyo?" Alicheka mpaka baiskeli ikayumba. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Jumamosi.

Na hapo, kwenye kiti cha toleka, barabara ikiwa na madimbwi na taa za pikipiki, kitu kikamjia. Yannick akiwa na miaka minne alishikwa na malaria. Homa ilipompanda hakutambua watu tena, akawa anamwita Mama Chantal, jirani aliyekwisha kuhamia Kindu tangu mwaka mzima. "Mama Chantal, maji. Mama Chantal, unibebe." Aliita hivyo hadi asubuhi. Na Mama Chantal yuko Kindu, hajui kitu.

"Simama kidogo," akamwambia dereva.

"Umeangusha kitu?"

"Hapana. Nimepata."

* * *

Ijumaa alasiri viti vilipangwa tena uani. Watu wale wale wanane walikuja, na wengine wanne waliosikia fununu. Begi la Falonne lilikuwa limefungwa, linaonekana mlangoni. Yeye alikaa karibu na mlango huo huo, mtoto mgongoni, kama abiria anayengoja kuitwa.

Papa Paluku alisali, akafungua daftari. "Nilienda kwa padri. Nilimweleza yote. Aliniuliza swali moja tu." Alikohoa, kwa aibu kidogo. "Aliniuliza: huyu Luvanel, iko na waamini wangapi? Nikamwambia sijui, nitauliza. Akasema, nenda uulize, kisha shirika liamue, juu jina isipokuwa ya matusi kwa imani, yeye hawezi kuikataa. Donc ninauliza. Mama Florentine, iko na waamini wangapi?"

"Alikuwa na mumoja," Tonton Ruphin akasema. "Lakini amefunga begi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Falonne aliinamisha kichwa, na Ruphin mwenyewe akaona alichokifanya. "Nimekosea, ma petite," akasema taratibu. "Mudomo yangu haina frein, haina breki."

Mama Florentine alisimama. Alikuwa amekivua kile kitabu kitenge cha bluu. Kwa mara ya kwanza watu wakaona jalada lake: ngazi ndefu inayoshuka kutoka mawinguni, na msichana mwenye maji kichwani. Hakufanya ishara ya msalaba.

"Hakuna muamini hata mumoja, papa. Hakuna mutu alimutolea kuku, hakuna mutu alimujengea nyumba. Ni mutu wa kitabu. Na mukitaka kuhakikisha, musikilize."

Akasoma. Alisoma mlinzi na gereza la chumvi, na mlinzi alikuwa polisi aliyeshiba, na Luvanel alijua bei. Mwanzoni watu walikaa wima kama wako misani. Kisha Ruphin akasema, "Ule askari namujua, iko anasimamaka pale rond-point ya barabara," na viti vikaanza kusogea mbele. Mama Adeline, aliyeisikia zamani, alimkosoa msomaji alipotaka kuruka mstari. Chumvi ya mlango ilipoyeyuka, mwanamke mmoja kati ya wale wanne alipiga makofi. Mama Florentine alipofunga kitabu sauti yake haikushuka, na hakuna aliyeitikia. Papa Paluku ndiye aliyeuliza, bic ikiwa imesahauliwa sikioni: "Alors, akatoka?"

"Sura inayofuata, papa."

"Quand même, mama. Unatuacha pale?"

Watu walicheka, hata Falonne alivuta mdomo pembeni kabla hajaurudisha. Mama Florentine alisogeza kiti akakaa mbele yake, magoti kwa magoti, akasahau watu kumi na wawili.

"Uliniuliza uliongea na nani. Nimeomba siku tatu. Sikia. Mume wako, alipokuwa mutoto wa miaka ine, homa ilimushika. Aliita Mama Chantal usiku wote. Maji, Mama Chantal. Unibebe, Mama Chantal. Na Chantal alikuwa Kindu. Unazania nani aliamuka?"

Falonne aliinua macho.

"Miye. Nilileta maji, nikamubeba. Sikumwambia, umekosea jina, nitangoja mpaka uite mama. Mutoto wangu alikuwa na kiu. Sasa weye, siku ile, uliita. Luvanel hakusikia, Luvanel hana masikio, ni wino. Shetani hakusikia, yeye hakatishake damu ya mwanamuke. Mu chumba ile hakukuwa na mwingine wa kusikia, binti yangu. Alikuwa mumoja tu. Alisikia mutoto wake anaita, na hakungojea jina."

Mtoto mgongoni alipiga chafya. Falonne alimfungua, akamweka mapajani, akamfuta pua. Machozi yalikuja lakini hayakumzuia kusema.

"Basi nilimuahidi nani?"

"Yeye ule aliyesikia. Na Yeye anajua ulitaka kusema nini."

Falonne akafuta uso kwa kona ya kitenge. Alipogeuka kwa Papa Paluku sauti yake ilikuwa kavu.

"Papa, andika Maria. Juu Maria alikuwa kweli. Kisha andika Luvanel. Sitaki kuficha namna mutoto wangu alikuja. Akiulizwa, atasema: ni jina ya mutu wa hadithi, aliyebebea watu maji. Kama kuna mutu hapa ambaye ile ni matusi kwake, aseme sasa."

Papa Paluku alizungusha macho uani. Ruphin alifunga mdomo kwa vidole viwili. Bic ikatoka sikioni, na chini ya ule mstari ulionyooka akaandika, herufi moja moja: Maria Luvanel.

"Imekwisha," akasema.

"Haijakwisha," Falonne akasema. "Bado mama."

Mama Florentine alikuwa ameanza kuinuka, akakaa tena.

"Nilisema usinisomee tena kitu, na ninarudilia. Muliniacha miezi miwili nyuma ya rideau, ninakula kile munanipatia, ya Mungu na ya kutunga mu sahani moja. Sikuwa na namna ya kujua. Weye mama ulifungua kitabu, uliona herufi ndogo. Miye nani angenionyesha? Sitaki kusomewa. Nataka kusoma. Nataka kuona na macho yangu."

Yannick, aliyesimama nyuma ya viti na ufunguo wa pikipiki mkononi, akasema, "Kuko shule ya jioni."

"Na mutoto huyu, unyonyeshe weye," mke wake akamjibu, na ua wote ukacheka. "Mwalimu iko hapa nyumbani. Kama anakubali."

"Ninakubali," Mama Florentine akasema haraka.

"Hapana, mama," Papa Paluku akaingilia, akigeuza ukurasa mpya, rula tayari. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepata kazi anayoipenda. "Tuliharibu kitu mbele ya watu, tutengeneze mbele ya watu. Simama. Useme kwa sauti, na sisi wote ni mashahidi."

Akasimama. Alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mimbarani wala ya mlinzi wa gereza. Ilikuwa ile anayowaitia wateja asubuhi, ambayo mtaa mzima unaijua.

"Miye Florentine, mbele ya Mungu na mbele yenu, naahidi: kuanzia kesho, kila siku nikimaliza mikate, nitakaa na Falonne, binti yangu, mpaka asome yeye mwenyewe, bila kidole changu na bila mudomo wangu. Nikichoka, munikumbushe. Nikianza kujivuna, munikumbushe mbio zaidi. Na siku ataniambia, mama, hapa ulisoma vibaya, nitasema asante."